Kadi ni yangu, namba ya siri anayo yeye

Shikamoo shangazi,

Naandika barua hii saa ya mapumziko, kwa simu ya mwalimu mwenzangu. Simu yangu husomwa kila jioni, kwa hiyo nakuomba unijibu hapahapa kwenye safu.

Nina miaka 34, nimeolewa mwaka wa kumi na moja sasa, tuna watoto wawili. Mimi ni mwalimu, mume wangu ana biashara yake. Shida yangu naona hata aibu kuiita shida. Mume wangu hanipigi. Hanywi pombe. Sijasikia ana mwanamke nje. Chakula kipo, ada za watoto zinalipwa. Watu wakituona wanasema nimepata. Ila mimi, shangazi, sina hata senti ya kununulia peni.

Tulipooana aliniambia mimi si mtu wa hesabu, na kwamba watu waliokuwa mwili mmoja hawana mifuko miwili. Nikaona ni mapenzi. Nikampa kadi yangu ya benki na namba ya siri. Baada ya muda akaibadilisha namba ya siri, na namba ya simu inayopokea ujumbe wa benki akaweka yake. Tangu hapo mshahara wangu nausikia tu. Slipu ya mshahara mara ya mwisho kuishika ni miaka mitatu iliyopita.

Kila asubuhi anahesabu nauli yangu juu ya meza, sarafu juu ya sarafu, ya kwenda na ya kurudi, basi. Siku moja gari liliharibika njiani, abiria tukashushwa. Wenzangu walipanda jingine. Mimi nilitembea na begi la madaftari juani, maana nauli ya pili sikuwa nayo. Nilipofika nyumbani nimechelewa, kitu cha kwanza aliniuliza nilikuwa kwa nani.

Ana daftari la jalada jeusi. Nikitoka dukani lazima nirudi na chenji na risiti, anaandika. Pale ambapo sina risiti, anaandika jina langu na kuweka alama ya kuuliza mbele yake. Mwezi uliopita niliomba hela ya pedi. Akafungua daftari, akapekua, akaniuliza, "Mbona za mwezi jana zimewahi kuisha?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Kilichonifanya nikuandikie ni vitu viwili. Cha kwanza ni binti yangu wa miaka tisa. Tulikuwa dukani, nikashika kibanio cha nywele, nakitazama tu. Akanivuta nguo akaninong'oneza, "Mama, umeomba ruhusa kwa baba?" Nilikirudisha mahali pake. Sikulala usiku ule.

Cha pili ni karatasi. Wiki mbili zilizopita alikuja na fomu za mkopo wa biashara. Anataka kuweka dhamana kiwanja alichoniachia marehemu baba yangu, ambacho hati yake ina jina langu. Nikamuuliza ni mkopo wa kiasi gani. Akasema, "Kazi yako si kuuliza, kazi yako ni kusaini." Nikasema naomba nisome kwanza. Hakunigusa, hakunitukana. Ila siku tatu mfululizo sikukuta nauli mezani. Nilikwenda kazini kwa miguu siku zote tatu. Siku ya nne nikamwambia nitafikiria, na nauli ikarudi. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nikisema naonewa, ananikumbusha kwamba ada yangu ya mwaka wa mwisho wa chuo alinilipia yeye, na ni kweli alilipa. Ananikumbusha pia kwamba mume ni kichwa cha nyumba. Dada yangu anasema nivumilie, kuna wanaopigwa. Rafiki yangu anasema nifungue akaunti ya siri kesho asubuhi. Mimi sijui hata kama nina haki ya kulalamika. Je, huu ni ukatili, au ni mimi mke nisiye na shukrani? Na hizo karatasi, nisaini nisisaini?

Mwalimu asiye na nauli

*

Marahaba mwanangu.

Usisaini. Naanza na hilo kwa sababu lina tarehe, na mengine yote tunaweza kuyazungumza taratibu.

Sahihi kwenye fomu ya mkopo si kitu kimoja. Unaweza kuwekwa pale kama mkopaji, na hapo deni ni lako kabisa, hata kama pesa yote ameingiza mtu mwingine kwenye biashara yake. Unaweza kuwekwa kama mdhamini, maana yake aliyekopa akishindwa, mkopeshaji anakugeukia wewe, na mshahara wako unaweza kuguswa. Au unaweza kusaini kama mwenye mali, ukikubali kiwanja chako kishikwe rehani na kiuzwe marejesho yakikwama. Fomu moja nene inaweza kuwa na vyote vitatu, kimoja ukurasa wa pili, kingine ukurasa wa tisa, na mtu anayekuharakisha hukufungulia pale penye mstari wa sahihi tu. Umeambiwa kazi yako si kuuliza. Mwanangu, anayeweka rehani mali yake ndiye mwenye maswali mengi kuliko wote mezani: kiasi gani, riba gani, kwa miezi mingapi, biashara inaingiza nini, na ikifa leo kiwanja cha baba kinakwenda kwa nani.

Usidhani pia kwamba ni wewe peke yako uliyewahi kuwekewa kalamu mkononi namna hii. Kesi za wake waliosaini rehani kwa madeni ya waume zao zilijaa mahakamani Uingereza, hadi mwaka 2001 majaji wa ngazi ya juu kabisa kule wakatoa mwongozo: mke akidhamini deni la mumewe, mkopeshaji ahakikishe kwanza kwamba mke ameelezwa na mwanasheria, ana kwa ana, kwa lugha anayoielewa, na mume asiwepo chumbani. Hapo pa mume kutokuwepo ndipo pa kupashika. Majaji walijua kuwa mtu anaweza kuitikia "ndiyo" kumi mbele ya mwenzake, na akibaki peke yake akasema "hapana" moja ya kweli.

Kwa hiyo nenda kwa mwanasheria kabla ya mwisho wa mwezi. Pesa huna, najua. Nchi nyingi zina vituo vya msaada wa kisheria bila malipo, vya serikali, vya vyama vya wanasheria wanawake, au vya vyuo vikuu vinavyofundisha sheria. Chama cha walimu nacho mara nyingi kina mwanasheria wake, na wewe huenda unakatwa ada ya uanachama kila mwezi bila kujua. Muulize mambo mawili. La kwanza, kama unaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya usajili wa ardhi ili kiwanja kisiuzwe wala kisiwekwe rehani bila wewe. La pili, hati yenyewe iko wapi leo. Ikiwa iko kabatini kwake, tafuta nakala. Na ukiona huwezi kusema "sisaini" ndani ya nyumba bila kuadhibiwa, si lazima uyasemee ndani ya nyumba. Mwone afisa mikopo ukiwa peke yako, mwambie hukubali kwa hiari yako, na kauli hiyo aiandike. Sahihi iliyopatikana kwa shinikizo inaweza kupingwa mahakamani, lakini kuithibitisha ni kazi nzito. Kuizuia ni kwepesi kuliko kuifuta.

Sasa swali lako lenyewe. Ndiyo, ni ukatili. Nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara nilisimama pale penye daftari na pedi.

Una jina hili: ukatili wa kiuchumi. Jina hilo halikubuniwa na watu wa kuvunja ndoa. Mwaka 1984 huko Duluth, jimbo la Minnesota nchini Marekani, watu waliokuwa wakiwasaidia wanawake walioteswa na wenzi wao waliwasikiliza wanawake hao wenyewe, wakayaweka waliyosikia kwenye mchoro wa gurudumu. Sehemu moja ya gurudumu lile ni ya pesa, na ndani yake mna kumzuia mke kufanya kazi, kumfanya aombe kila senti, kumchukulia pesa yake, na kumficha mapato ya nyumba. Wewe umeyaandika matatu kati ya hayo manne bila kuwahi kuliona gurudumu. Afrika nayo ililisema kwa kalamu ya sheria. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, inayohusu haki za wanawake barani, inapoeleza maana ya ukatili dhidi ya wanawake inataja madhara ya kiuchumi sambamba na ya mwili, na inasema mwanamke akiwa ndani ya ndoa ana haki ya kupata mali yake na kuisimamia kwa uhuru.

Nisieleweke vibaya. Ziko nyumba nyingi nzuri ambazo mtu mmoja ndiye anashika hesabu, mume au mke, kwa sababu anaiweza na mwenzake haipendi. Huo si ukatili. Tofauti haimo kwenye nani anashika kadi. Imo kwenye mambo ninayotaka ujiulize: je, naweza kuona? Naweza kuuliza? Naweza kukataa, na kesho yake maisha yakaendelea kama kawaida? Wewe uliuliza mara moja tu, kwa adabu, usome karatasi inayohusu kiwanja chako, ukatembea kwa miguu siku tatu. Nauli ile ilikuwa imetoka kwenye mshahara wako mwenyewe.

Ndiyo maana sikubaliani na dada yako, ingawa najua anakupenda. "Hakupigi" si cheti cha ndoa njema. Mtu asiye na nauli hawezi kwenda kumwona mama yake mgonjwa, hawezi kufika polisi, hawezi kuondoka hata nyumba ikiwaka. Asiyepiga leo anaweza kuwa hapigi kwa sababu hajahitaji.

Kuhusu ada ya chuo: alilipa, na ulifanya vyema kushukuru. Lakini deni lina kiasi na lina mwisho. Mwaka mmoja wa ada umekwisha kulipwa kwa mishahara ya miaka kumi na moja, na kama kweli ulikuwa mkopo, leo yeye ndiye angekuwa anakudai, au wewe ndiye ungekuwa unamdai? Shukrani unaitoa wewe. Ikianza kudaiwa kila asubuhi, imegeuka kodi.

Na kichwa cha nyumba. Hukuniambia dini yako, kwa hiyo nakugusia mbili. Kwa Waislamu, Hind binti Utba alimwendea Mtume kumshtakia mumewe, Abu Sufyan, kwamba ni bahili, hampi kinachomtosha yeye na wanawe. Hakuambiwa akavumilie. Aliambiwa achukue kwenye mali ya mume kinachomtosha yeye na watoto wake, kwa wema. Na hiyo ni mali ya mume. Mali ya mke ni ya mke. Kwa Wakristo, Mithali sura ya 31 inamsifu mke ambaye huangalia shamba akalinunua, na kwa mapato ya mikono yake akapanda mizabibu, na inamalizia kwa kutaka apewe mapato ya mikono yake. Huyo mke ana kichwa nyumbani kwake, na bado ana mkono wake.

Sheria za dunia zimechelewa kufika hapo, hilo nalikiri kwa uchungu. Uingereza ilisubiri hadi mwaka 1870 kukubali kwamba mshahara wa mke ni wake. Ufaransa ilisubiri hadi 1965 kumruhusu mke kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mume. Bibi zetu wengine walikuwa hai. Kwa hiyo mumeo anapodhani kadi yako ni yake, hakuliota jambo hilo usiku mmoja. Limerithiwa. Lakini kurithiwa hakulifanyi haki.

Rafiki yako anasema ufungue akaunti kesho asubuhi. Nia yake ni njema, haraka yake ndiyo inanitia hofu. Mtu anayetawala kwa pesa huwa wa hatari zaidi pale anapohisi kamba inamtoka mkononi, hata kama miaka yote hakuwahi kuinua mkono. Kwa hiyo twende kwa mpangilio, kimyakimya.

Usianzie benki. Benki ikikata hata ada ndogo ya kukuchapia taarifa ya akaunti, ujumbe unaingia kwenye simu yake. Anzia kwa mhasibu wa mwajiri wako, mahali ambapo hakuna simu inayolia. Omba slipu za miaka hii mitatu. Usitazame tu mshahara unaobaki, soma makato mstari kwa mstari. Mtu ambaye hajaona slipu yake kwa muda huo anaweza kukuta mkopo ambao hakumbuki kuuomba. Ukiukuta, zile slipu ni ushahidi, mpelekee mwanasheria.

Kisha benki, ukiwa na kitambulisho chako. Kabla hujaomba chochote muulize afisa, "Nikibadilisha namba ya simu au nikizuia kadi, ujumbe utakwenda wapi?" Mweleze ukweli, wameshayaona. Akaunti ina jina lako. Kuifungia kadi na kuweka namba mpya ya siri ni haki yako, huhitaji ruhusa ya mtu. Lakini siku utakapoifunga, au siku mshahara utakapoingia kwingine, ndiyo siku atakayojua. Kwa hiyo usiichague siku hiyo mpaka umejua usiku wake utalala wapi na watoto watalala wapi, hata kama haitafika huko. Kabla yake hakikisha nakala za hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vyako vya kazi na zile slipu ziko kwa mtu mmoja unayemwamini nje ya nyumba, pamoja na nauli ya watu watatu. Mwalimu mwenzako aliyekuazima simu, kama si mwepesi wa maneno, anaweza kuwa ndiye.

Akiba hiyo ndogo si wizi. Nalisema wazi kwa sababu najua moyo wako utakusuta. Mtu hawezi kujiibia mshahara.

Je, uzungumze naye? Kama huogopi mkono wake, ndiyo, lakini baada ya karatasi kuwa salama, na mbele ya mtu mzima ambaye yeye mwenyewe anamheshimu. Usiende na maneno "unaninyanyasa," atayapinga mpaka kuche. Nenda na mambo yanayoonekana: nataka kadi yangu, nataka kuona slipu yangu, tukae tupange kila mmoja anachangia nini nyumbani, na kila mmoja abaki na kitu ambacho haulizwi. Wapo wanaume walioambiwa hivyo wakashtuka, wakaliona daftari lao kwa macho mengine. Simjui mumeo, sitakuahidi. Lakini akijibu kwa kukuficha nauli tena, au kukutisha, au kukuzuia kwenda kazini, acha kikao. Nenda ustawi wa jamii, au kwenye dawati la polisi la ukatili wa kijinsia pale lilipo, na useme maneno hayahaya uliyoniandikia mimi, pamoja na zile siku tatu.

Binti yako amejifunza kwamba mtu mzima wa kike huomba ruhusa kugusa kibanio. Hajakosea, amesoma alichoonyeshwa. Usimkemee wala usimweleze mambo ya baba yake. Siku utakapokuwa na chako mkononi, hata kidogo, nenda naye dukani, mchague kibanio pamoja, lipa mbele yake, mpe yeye apokee chenji.

Ukifika kwa mwanasheria usianze kumsimulia ndoa yote, utalia na muda utakwisha. Kama umeweza kuzipata zile fomu, au hata kuzipiga picha kwa simu ya mwenzako, ziweke mezani, mwombe afungue ukurasa wa sahihi, akusomee jina lako limeandikwa pale kama nani.

Shangazi yako